Kijana Seremala Mbele ya Waamuzi

Wahenga wetu walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Methali hii twaifundisha kila mwaka madarasani, na aghalabu hatuendi nayo mbali: twaeleza maana yake, twatoa mfano mmoja, kisha twapita kwenye methali nyingine. Hata hivyo, ndani yake mna ukweli mkubwa juu ya kazi ya mikono. Aonaye jahazi likielea huona tanga na mlingoti; haoni jinsi ubao ulivyokutanishwa na ubao hata maji yasipate njia. Ndivyo ilivyo kwa mlango pia. Mpita njia huona nakshi na misumari ya shaba. Haoni ulimi wa ubao mmoja ulivyoingizwa katika tundu la ubao wa pili. Na hapo ndipo ulipo ustadi wote. Mlango ulioungwa ovyo waweza kutiwa gundi, ukapigwa msasa, ukapakwa rangi, nao ukapendeza machoni sawasawa na mwenziwe. Tofauti yao haijulikani ila baada ya masika mawili matatu, na wakati huo fundi amekwisha kulipwa, tena pengine amekwisha kuhama mtaa.

Basi laja swali: ni nani mwenye haki ya kukitazama kiungio kabla hakijafungwa, na kusema kwamba kijana huyu ni fundi? Kila zama imelijibu swali hili kwa namna yake. Siku hizi, katika nchi nyingi, hujibiwa kwa mashindano ya taifa ya ufundi stadi, ambamo vijana hufanya kazi ya fani yao hadharani, mbele ya waamuzi, kwa saa zilizohesabiwa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi asili ya mashindano hayo, tukimfuata zaidi kijana mmoja kati ya wengi, yaani seremala. Ndugu walimu wataona mwishoni kwamba habari hii, ijapokuwa ilianzia mbali, yatuhusu sisi pia.

Seremala yupi?

Kwanza yatupasa kufafanua neno. Kwa Kiswahili cha kila siku, atengenezaye kitanda, apauaye nyumba, na aundaye mlango, wote twawaita maseremala. Huko Ulaya kazi hizo ziligawanyika tangu zamani. Yuko fundi wa mbao kubwa za paa na nguzo. Yuko fundi wa samani, kama vile makabati na meza. Na yuko fundi wa milango, madirisha, ngazi na fremu zake. Huyu wa tatu ndiye tumkusudiaye hapa. Kazi yake yote hutegemea viungio. Mbao za paa zaweza kushikwa na misumari, lakini mlango hufunguliwa na kufungwa maelfu ya mara, hulowa mvua na kukauka juani, na mti wake hutanuka na kusinyaa. Ikiwa ulimi umelegea katika tundu lake, mlango utainama. Ikiwa umebana mno, ubao utapasuka. Kwa hiyo fundi huyu huhukumiwa kwa vipimo vidogo sana.

Kazi ya kuhitimu

Katika miji ya Ulaya ya zamani, haki ya kumhukumu fundi ilikuwa mikononi mwa vyama vya mafundi wenyewe. Mjini Paris, yapata mwaka 1268, afisa wa mfalme aitwaye Étienne Boileau aliandikisha katika kitabu kanuni za kazi mbalimbali zipatazo 100. Kanuni hizo zilieleza ni nani aruhusiwaye kufanya kazi, mwanagenzi afundishwe kwa miaka mingapi, na kazi mbovu iadhibiwe vipi. Baadaye, hasa kuanzia karne ya 15, ilienea desturi ya kumtaka kijana atengeneze kitu kimoja cha kuonyesha ustadi wake, nacho kikaguliwe na mafundi wakuu. Akifaulu, yeye naye huwa fundi mkuu, na aweza kufungua karakana yake mwenyewe.

Desturi hiyo ilikuwa na manufaa yake. Mnunuzi alilindwa, maana kiungio kilitazamwa na watu wanaojua. Lakini ilikuwa na ubaya pia. Wakaguzi walikuwa ndio wenye karakana, na kila fundi mpya aliyefaulu alikuwa mshindani wao sokoni. Haikuwa ajabu, basi, kwamba ada zilipanda, na kazi ya kuhitimu ikawa ya gharama kubwa na ya miezi mingi, ilhali watoto wa mafundi wakuu walipunguziwa masharti. Kijana maskini aliyejua kazi aliweza kubaki kibarua maisha yake yote. Mtihani uliowekwa ili kuutambua ustadi ukawa mlango wa kuwafungia watu nje. Nchini Ufaransa waziri Turgot alivifuta vyama hivyo mwaka 1776, vikarudishwa mwaka uohuo baada ya yeye kuondolewa, kisha vikafutwa kabisa na Mapinduzi mwaka 1791.

Seremala aliyeandika kitabu

Mafundi wa kawaida hawakungoja wakubwa wao wawafungulie. Kwa muda mrefu, vijana wa Ufaransa waliofanya kazi za mbao, mawe na chuma walikuwa na vyama vyao wenyewe, na kwa msaada wa vyama hivyo walizunguka nchi nzima, mji hata mji, wakifanya kazi na kujifunza namna za kila mahali. Katika kila mji palikuwa na nyumba ya kuwapokea, na mlezi wa nyumba hiyo waliyemwita Mama.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Agricol Perdiguier, aliyezaliwa mwaka 1805 karibu na mji wa Avignon. Baba yake alikuwa seremala, naye akawa seremala. Mwaka 1824 alianza safari yake ya kuizunguka nchi, akaimaliza mwaka 1828. Aliyoyaona njiani yalimfurahisha na kumhuzunisha kwa pamoja. Alifurahi kuona ufundi mkubwa na moyo wa kusaidiana. Alihuzunika kuona kwamba vyama vilichukiana, na kwamba vijana wa kazi moja walipigana barabarani kwa marungu, hata wengine wakafa, kwa sababu tu ya kutofautiana chama. Kushindana kwao hakukuishia katika kazi. Kulikuwa kumegeuka uadui.

Perdiguier alikwenda Paris, akafanya kazi ya useremala, akawafundisha wenziwe uchoraji wa ramani za kazi, na mwaka 1839 akatoa kitabu juu ya vyama hivyo, akiwasihi mafundi waache kupigana. Kitabu hicho kilimjulisha kwa waandishi wakubwa, miongoni mwao George Sand, aliyetoa riwaya juu ya maisha ya mafundi hao mwaka 1840. Mwaka 1848 seremala huyu alichaguliwa kuwa mbunge, na baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Desemba 1851 alifukuzwa nchini. Alifariki mwaka 1875. Twamtaja hapa kwa sababu moja kubwa: alionyesha kwamba kushindana kwa mafundi kwaweza kuwa shule au kuwa vita, na kwamba kinachotenganisha mambo hayo mawili ni kanuni zinazokubaliwa na wote. Desturi ya vyama hivyo haijafa. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kutoka chumbani hadi hadharani

Katika karne ya 19 viwanda vilienea, na watu wengi wakadhani kwamba fundi wa mkono amekwisha. Nchini Ufaransa mwandishi wa habari Lucien Klotz alipendekeza mwaka 1913 kwamba pafanywe maonyesho ya kuwatambua mafundi bora wa taifa zima. Vita vikachelewesha jambo hilo, na maonyesho ya kwanza yakafanyika Paris mwaka 1924. Hapo pana badiliko la kuangaliwa. Kazi ya fundi haikukaguliwa tena katika chumba cha chama. Iliwekwa mahali ambapo raia yeyote angeweza kuja kuitazama. Tena, cheo kilichotolewa kilitolewa kwa jina la taifa, wala hakikumpa mtu haki ya kumzuia mwenziwe asifanye kazi.

Hatua iliyofuata ilitokea Hispania, katika hali ngumu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1936 hadi 1939 vilikuwa vimeibomoa nchi. Utawala wa Jenerali Franco ulikuwa umetengwa na mataifa. Mnamo Desemba 1946 Umoja wa Mataifa ulipendekeza nchi wanachama ziwaondoe mabalozi wao Madrid. Ndani ya nchi mafundi walikuwa haba. Wakati huo José Antonio Elola Olaso, mkuu wa jumuiya ya vijana ya serikali, alitambua kwamba kujenga vyuo peke yake hakutoshi. Ilihitajiwa kuwashawishi watu wanne kwa pamoja: kijana mwenyewe, mzazi wake, mwalimu wake, na mwajiri wa kesho. Wote hao walipaswa kuona kwa macho kwamba kazi ya mikono ni kazi ya akili. Shauri lililotolewa likawa mashindano, na mwaka 1947 yakafanyika mashindano ya kwanza ya taifa, ambayo wanagenzi wapatao 4,000 walishiriki.

Haifai tuyasimulie haya kama ngano. Utawala uleule ulioutukuza mkono wa mwanagenzi ulikuwa umekifunga kinywa cha mfanyakazi. Vyama huru vya wafanyakazi vilipigwa marufuku, na mgomo ulikuwa kosa la jinai. Mashindano yalikuwa pia njia ya serikali kujionyesha. Hata hivyo, jambo laweza kuanzishwa kwa nia zilizochanganyika, kisha likaja kuwa na manufaa mapana kuliko nia za walioanzisha. Kiungio kilichokaza hakiulizi ni nani aliyeandaa mashindano.

Mwaka 1950 Ureno ilikubali mwaliko, na vijana 12 wa kila upande wakakutana Madrid katika chuo cha Virgen de la Paloma. Walikuwa 24 tu. Mwaka 1953 zikajiunga Ujerumani, Uingereza, Ufaransa, Uswisi na Moroko, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijapata uhuru wake. Kwa hiyo Afrika haikuchelewa sana kufika. Iliingia katika mwaka wa tatu baada ya mkutano ule wa kwanza. Mwaka 1958 mashindano yalitoka Hispania kwa mara ya kwanza, yakafanyika Brussels wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, na mwaka 1970 yakafika Tokyo. Leo yanajulikana kwa jina la WorldSkills. Yalipofanyika Lyon mnamo Septemba 2024, walishindana vijana wapatao 1,400 katika fani 59, na maseremala walikuwa wamegawanywa katika fani zilezile tatu tulizozitaja mwanzoni. Bara letu nalo limekuwa na mashindano yake. Mwaka 2022 yalifanyika Swakopmund, nchini Namibia.

Kijana kazini

Sasa tumtazame kijana mwenyewe. Kwa kawaida asizidi umri wa miaka 22 katika mwaka wa mashindano. Ili afike mbele ya mataifa, yampasa kwanza ashinde nyumbani kwao, katika mashindano ya taifa. Hupewa ramani ya kitu asichokichagua: labda dirisha lenye kichwa cha mviringo, labda mlango mdogo wenye mbao zilizopindwa. Wenziwe wote hupewa ramani ileile na mbao za namna ileile. Kazi hugawanywa katika siku nne.

Jambo la kwanza hagusi msumeno. Huchora. Sharti aihamishe ramani na kuichora kwa ukubwa halisi wa kitu kitakachotengenezwa, kila ulimi na kila tundu mahali pake, maana kosa la kalamu litakuwa kosa la patasi. Kisha huja kupima kwa guni, kukata, kupiga randa, na kuchimba matundu. Akiharibu ubao na kuomba mwingine, hupunguziwa alama, kama vile ambavyo karakana ingepata hasara.

Halafu huja saa ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha mashindano yote. Kabla ya kutia gundi, kijana huvileta viungio vyake vikiwa wazi ili waamuzi wavitazame. Huchungulia ndani ya matundu, hutazama mabega ya ndimi, huangalia kama ubao umeguswa mahali usipopaswa kuguswa. Baada ya hapo ndipo kazi hufungwa, nayo huhukumiwa mara ya pili kwa umbo lake la nje, vipimo vyake na ulaini wake. Kosa la milimita moja huonekana na huhesabiwa. Mwamuzi hamhukumu kijana wa nchi yake, hasa katika alama zinazotegemea jicho. Kwa kanuni hizi, vile viovu viwili vya zamani vimetafutiwa dawa: upendeleo wa mafundi wakuu, na uadui wa vyama uliomhuzunisha Perdiguier.

Ni kweli kwamba mashindano hayawezi kupima kila kitu. Hayapimi uaminifu wa fundi anapokuwa peke yake na mteja asiyejua kitu. Hayapimi subira ya miaka, wala namna atakavyowafundisha wengine. Zaidi ya hayo, nchi tajiri huwaandaa vijana wake kwa miezi mingi na kwa mashine za kisasa, ilhali kijana wa nchi maskini huenda akakutana na mashine fulani kwa mara ya kwanza siku chache kabla ya kushindana. Alama husema kweli juu ya kiungio. Hazisemi yote juu ya aliyekiunga.

Nasi je?

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wageni. La, sivyo. Pwani ya Waswahili ilikuwa na njia yake ya kumtambua fundi. Kijana aliwekwa kwa fundi, akatumika, akatazama, akaachiwa kidogo kidogo kazi ngumu zaidi. Alipohitimu, fundi wake alipewa zawadi iitwayo kilemba. Walimu wengi hulifundisha neno hili kwa maana ya kitambaa cha kichwani tu. Yafaa wanafunzi wajue pia kwamba ni heshima apewayo mwalimu wa kazi. Na ushahidi wa mafunzo hayo umesimama hadi leo katika milango ya Unguja na Lamu, yenye miimo yake ya pembeni, vizingiti vyake, na mfaa wake wa katikati. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Milango hiyo ni sehemu ya sababu ya sifa zao.

Baada ya uhuru, viongozi wetu walijua ubaya wa elimu inayomfanya mtoto aione aibu kazi ya mikono. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Kenya ilipoanza mpango wa 8-4-4 mwaka 1985, masomo ya ufundi yaliingizwa hata katika shule za msingi, ijapokuwa baadaye yalipunguzwa, vifaa vikiwa haba na mitihani ikiwa mingi. Tanzania iliunda mamlaka yake ya ufundi stadi kwa sheria ya mwaka 1994. Lakini hata sasa, katika nchi zetu zote, mzazi husema kwamba mwanawe "ameshindwa shule, basi ameingia ufundi." Neno hilo "basi" lina sumu. Ndilo lilelile ambalo watu wa mwaka 1947 walitaka kuling'oa vinywani mwa wazazi.

Hapa ndipo kazi ya mwalimu wa lugha inapoanza. Sisi hatuna patasi, lakini tuna maneno, na kazi isiyokuwa na maneno haiheshimiwi. Tutazame jinsi karakana ya seremala ilivyo kitabu cha historia ya Kiswahili. Msumeno ni neno letu, limetokana na meno. Randa limevuka bahari kutoka Bara Hindi na Uajemi. Nakshi ni la Kiarabu, meza ni la Kireno, dirisha lina asili ya Kiajemi, na fremu limetoka kwa Mwingereza. Kila taifa lililotufikia liliacha neno katika karakana. Mwanafunzi anayefundishwa haya huona kwamba seremala ni mrithi wa safari ndefu, wala si mtu aliyekosa nafasi kwingine.

Tena, maneno mengi ya kazi hii hayamo katika vitabu vyetu vya darasani. Yamo midomoni mwa mafundi, na hutofautiana mji hata mji. Mwalimu afundishaye mbali na pwani aweza kuwatuma wanafunzi wake kwenye karakana iliyo jirani wakaulize: kila kifaa huitwaje, kila kiungio huitwaje, na fundi alijifunzia wapi? Wayaandike majibu kama yalivyo, wayalete darasani, wayalinganishe na kamusi. Zoezi hilo halihitaji fedha. Litampa mwanafunzi msamiati, na litampa fundi kitu ambacho pengine hakuwahi kupewa: mtu aliyekuja kutazama kiungio chake kabla hakijafungwa.

Mashindano ya taifa huwafikia vijana wachache tu, na medali huwa chache zaidi. Lakini maana yake haikomi katika medali. Kwa karne nyingi ufundi ulihukumiwa faraghani, na kijana maskini akabaki nje. Mashindano yaliuweka mezani, mbele ya kila mtu, ukapimwa kwa kipimo kimoja. Maseremala wetu wa mitaani hawatakwenda wote Lyon wala Swakopmund. Wanaweza, hata hivyo, kupata majirani wanaojua kilicho ndani ya mlango, na wanafunzi wanaoweza kukitaja kwa jina lake.